Mtu wa Saa Sita

*"Dada, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Mkubwa yuko darasa la nne, mdogo ameanza la kwanza mwaka huu. Baba yao ni dereva wa lori, akienda Lubumbashi anaweza kumaliza wiki tatu hajarudi. Kabla mdogo hajazaliwa nilikuwa karani wa hesabu kwenye kampuni ya usambazaji kwa miaka sita, na mshahara wangu wa mwisho ulikuwa 390,000. Sasa nataka kurudi kazini, lakini kila kazi ninayoiona ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumamosi ikiwemo. Mdogo anatoka shule saa sita mchana, mkubwa saa nane na nusu. Nimepeleka barua kumi na moja, hakuna hata aliyejibu. Kazi za kufuata saa za shule zipo kweli au najidanganya? Na kwenye usaili niseme kwamba nina watoto wadogo?"*

Marahaba, mdogo wangu. Hujidanganyi. Kazi hizo zipo, ila hazitangazwi, na barua kumi na moja ulizopeleka nina hakika najua zimeishia wapi. Nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi, na barua za aina hiyo nilikuwa naziweka pembeni mwenyewe. Karibu zote ziliandikwa hivi: "Naomba kazi yoyote ya muda kwa kuwa nina majukumu ya familia." Sikuwa na roho mbaya. Nilikuwa tu sina mahali pa kumweka mtu wa "kazi yoyote", na kurugenzi haikuwahi kunituma nikamtafute.

Halafu kuna hilo neno lenyewe. Ukiandika "kazi ya muda", afisa utumishi wa hapa kwetu anaelewa mkataba wa miezi mitatu, wa kushikia nafasi ya mtu aliye likizo ya uzazi, tena wa kutwa nzima. Ukisema "kibarua", anaelewa mtu wa kulipwa jioni. Ukisema "pati taimu", anamfikiria mhadhiri anayefundisha vyuo viwili. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema unachokitaka. Kwa hiyo acha kutafuta jina la kazi yako, andika saa zake: "Naweza kufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana." Hapo mtu anajua anaambiwa nini.

Lakini kabla ya kuandika saa yoyote, kaa chini na daftari tuhesabu, maana nina wasiwasi hujahesabu. Wengi wanaoniandikia wanasema "nina muda kuanzia asubuhi hadi mchana", na tukifungua daftari muda wenyewe unakuwa mdogo kuliko kikombe cha kahawa.

Watoto wanaingia shule saa 1:30. Tuseme unawaacha getini na kwenda kituoni. Kazi ikiwa Kariakoo, kwa foleni ya asubuhi na daladala iliyojaa, ukifika saa 2:45 umebahatika. Mdogo anatoka saa 6:00, na ili uwe getini saa hiyo inabidi uondoke Kariakoo kabla ya saa 5:00. Umefanya kazi saa mbili na dakika chache. Toa nauli, toa chai. Siku Jangwani ikijaa maji ya masika na magari yote yakahamia njia ya Buguruni, toa na hizo saa mbili. Hiyo siyo kazi, ni matembezi.

Sasa fanya hesabu ileile kwa kazi iliyoko hapohapo Tabata, au pale barabara ya Mandela, mahali unapofika kwa mguu au kwa bajaji moja. Unafika saa 2:00, unaondoka saa 5:40. Saa tatu na dakika arobaini. Bado ni kidogo, lakini unaona jinsi kilomita chache zilivyokurudishia saa moja na nusu kila siku. Ndiyo maana watu wa hali yako huwa nawaambia wachore duara kuzunguka shule, siyo kuzunguka nyumba, wala siyo kuzunguka mji, na watafute ndani ya duara hilo tu kwa miezi ya mwanzo.

Hesabu ya tatu ndiyo muhimu. Chukua kazi ileile ya jirani, halafu tuseme yupo mtu wa kumpokea mdogo saa sita na kukaa naye mpaka kaka yake atoke saa nane na nusu. Sasa unafanya saa 2:00 hadi saa 8:00. Saa sita kamili! Mshahara haujabadilika, bosi hajabadilika, wewe hujabadilika. Kilichobadilika ni mtu mmoja wa saa mbili na nusu.

Kwa hiyo nitakwambia jambo ambalo pengine hukulitarajia kwa mshauri wa ajira: wiki hii usitafute kazi. Mtafute huyo mtu wa saa sita. Anza na shule yenyewe. Nenda ukaongee na mwalimu wa darasa la kwanza, siyo kwa simu, nenda na miguu yako. Muulize kama watoto wenye kaka au dada wanaruhusiwa kuwasubiri, na kama kuna mwalimu anayebaki na wadogo mchana kwa malipo kidogo. Shule nyingi za Dar zina utaratibu wa aina hiyo ambao haujaandikwa popote, mpaka mzazi aulize. Ikishindikana, angalia mtaani: bibi aliyestaafu, mama anayeuza genge ambaye yuko kibarazani siku nzima, mzazi mwenzio wa darasa hilohilo. Na mlipe. Kama siyo kwa pesa, iwe kwa zamu: wewe unachukua wake Jumamosi nzima anapokwenda sokoni. Msaada wa bure unadumu wiki tatu, halafu unaanza kusikia maneno. Na namba ya mtu huyo umpe mwalimu mkuu pamoja na yako, ili mtoto akipata homa saa nne isiwe lazima wewe ndiye uache kaunta na kukimbia.

Ukishampata, rudi tuzungumze kazi.

Kosa la pili ninaloliona ni watu kuchagua kazi kwa kuangalia inaitwaje, badala ya kuangalia inachemka saa ngapi. Kila biashara ina saa zake za moto. Wakala wa fedha za simu, kwa mfano, watu husema ni kazi ya mama mwenye watoto kwa sababu unakaa kwenye kibanda chako. Kibanda ni chako kweli, lakini wateja wanakuja jioni wanapotoka kazini, saa ambayo wewe unapika na kusimamia homuwek. Vitumbua na maandazi vinataka uamke saa tisa usiku na uuze saa zilezile ambazo watoto wanavaa sare. Matroni wa basi la shule, hii ndiyo inawadanganya wengi zaidi: inasikika kama kazi ya saa za shule, kumbe basi linaanza mzunguko saa kumi na moja alfajiri, wa kwako bado wamelala, na linarudisha mtoto wa mwisho saa kumi na moja jioni. Mpishi wa shule hali kadhalika. Chakula cha mchana cha kupeleka maofisini, hicho ndicho saa zake zinaelekeana na zako, moto wake ni saa tatu hadi saa saba, ila kinataka mtaji na wewe umeniambia unataka kurudi kazini, siyo kufungua biashara, kwa hiyo nakiacha hapo.

Wewe ni karani wa hesabu. Hiyo ni bahati ambayo sidhani unaijua. Hesabu ni kazi inayoweza kukatwa vipande na kupangwa kwenye saa unazotaka. Mteja wa dukani hawezi kusubiri mpaka kesho asubuhi, lakini ankara inasubiri.

Nikupeleke mahali. Kuna mzee mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, saruji, nondo, mabati, rangi. Aliniita miaka michache iliyopita nimsaidie kutafuta "mhasibu wa kudumu". Nilikwenda nikakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta asubuhi nzima, natazama. Kuanzia saa moja mafundi wamejaa, huyu anataka misumari kilo mbili, yule anataka kupakiwa mifuko thelathini kwenye kirikuu, vijana wawili wa kaunta wanatoka jasho. Kufika saa tano duka limetulia, vijana wanachati. Nikamuuliza mzee vitabu viko wapi. Akavuta boksi la biskuti kutoka chini ya meza. Ndani kulikuwa na risiti za manunuzi za mashine za EFD, zile za kodi, hati za kupokelea mzigo, vikaratasi vya madeni vya mafundi vilivyoandikwa kwa penseli, vyote pamoja. Nikachukua risiti moja ya saruji ya miezi mitano nyuma. Nyeupe. Zile karatasi zinafifia kwa joto, na lile boksi lilikuwa karibu na dirisha la magharibi. Pesa aliyoilipa kweli, mzigo aliupokea kweli, lakini mtu wa kodi akija, ushahidi ni karatasi tupu.

Yule mzee hakuhitaji mhasibu wa kudumu. Alihitaji mtu wa saa nne, mara tatu kwa wiki, wa kufika duka linapotulia, apige picha kila risiti kabla haijafifia, aingize manunuzi na mauzo kwenye daftari au kwenye Excel, amwambie nani anadaiwa na tangu lini. Akampata mama mmoja anayekaa mtaa wa pili. Mpaka leo yuko naye.

Maduka ya namna hiyo yapo kando ya kila barabara kubwa ya jiji hili. Vifaa vya ujenzi, vipuri, maduka ya dawa, wauza vyakula vya jumla, gereji, saluni zenye wafanyakazi watano sita, shule binafsi ndogo ambazo Januari na Julai zinazama kwenye malipo ya ada. Na kazi yao ina kalenda unayoweza kuipanga. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi, PAYE, inatakiwa kulipwa TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Waliosajiliwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, wana ritani, yaani taarifa ya kodi, ya tarehe 20. Awamu za kodi ya mapato kwa wanaofuata mwaka wa kalenda zinaangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukijua hayo, unajua wiki ipi utabanwa na wiki ipi utapumua, na unamwambia mama wa zamu mapema kwamba wiki ya kwanza ya mwezi utachelewa siku moja.

Mpaka wako ujue vilevile. Wewe unaandaa vitabu. Hesabu za mwaka za kupelekwa TRA, pale zinapotakiwa kuthibitishwa, zinathibitishwa na mtu aliyesajiliwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na ukisikia mwenye duka anakwambia "wewe saini tu", cheka na ubadilishe mazungumzo.

Namna ya kuingia: usipeleke barua. Barua zako kumi na moja zinatosha. Andika majina ya maduka ishirini ndani ya duara lako, tembea, nunua kitu kidogo, angalia. Ukiona rundo la makaratasi kwenye msumari, au mwenye duka anatafuta risiti huku mteja amesimama, umeona kazi. Rudi kesho yake saa tano, saa ya utulivu, siyo saa mbili. Salimia, jitambulishe, sema hivi: "Mzee, nilikuwa karani wa hesabu miaka sita kwenye kampuni ya usambazaji, nakaa hapa nyuma ya shule. Niliona jana mnahangaika na risiti. Naweza kuja siku tatu kwa wiki, saa nne mpaka saa nane, nikakuwekea vitabu vikae sawa. Nipe mwezi mmoja uliopita nikutengenezee, ukiona unafaa tuongee." Hukusema una watoto. Hukusema una shida. Umetaja boksi lake la biskuti.

Ule mwezi mmoja wa majaribio, dai malipo, hata yawe kidogo. Kazi ya bure inamfundisha mtu kwamba wewe ni wa bure.

Sasa pesa, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo akina mama wanapopigwa. Ukiomba nusu siku, bosi atakwambia, "Haya, nitakupa laki moja, si unafanya nusu tu." Wewe hujui laki moja ni nusu ya nini. Ipo namba moja ya kukariri: 195. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na mwezi unahesabiwa kuwa na wiki 4.333. Zidisha, unapata saa 195. Amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara nayo huorodhesha viwango kwa saa, siku, wiki, wiki mbili na mwezi, kwa hiyo kulipwa kwa saa siyo mambo ya Ulaya, ni jambo linalotambulika hapahapa.

Mshahara wako wa mwisho, 390,000, gawanya kwa 195: shilingi 2,000 kwa saa. Hiyo ni bei yako ya miaka iliyopita, ukiwa na likizo ya kulipwa na mambo mengine ya mwajiriwa. Mtu anayeuza saa chache bila hayo mimi humwambia apandishe robo. Iwe 2,500. Saa nne mara siku tatu ni saa 12 kwa wiki, ambazo ni saa 52 kwa mwezi, sawa na 130,000. Ukipata duka la pili la Jumanne na Alhamisi, saa 8 kwa wiki, unaongeza kama 86,000. Jumla haifiki mshahara wako wa zamani, na sitaki kukupamba kwa maneno: ni saa 20 kwa wiki, chini ya nusu ya saa ulizokuwa unafanya, kwa zaidi kidogo ya nusu ya pesa. Kama laki mbili na kumi na sita haikutoshi baada ya kumlipa mtu wa saa sita, bora ulijue leo kwenye daftari.

Kitu kimoja cha kodi. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi PAYE. Lakini ukiwa mwajiriwa wa watu wawili, yule wa pili anatakiwa kukata asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza. Kwa hiyo usiwe na mikataba miwili ya ajira ya vipande vipande bila kufikiri. Mmoja awe mwajiri, mwingine awe mteja unayemfanyia kazi kwa ankara yako mwenyewe, na uchukue TIN, namba ya mlipakodi, ambayo TRA hawatozi kitu. Mteja anaweza kukuzuilia asilimia 5. Mwombe cheti cha zuio hilo ukihifadhi, ni kodi yako iliyokwisha kulipwa.

Upande wa mwajiri, NSSF haiangalii unafanya saa ngapi. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yako haizidi asilimia 10. Akikwambia "wewe wa nusu siku huna NSSF", amekosea, au anajua anachofanya.

Na mwombe maandishi. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mahali, saa za kazi, malipo. Kwenye duka dogo usitarajie mkataba wa kurasa nane. Karatasi moja iliyosainiwa na nyote wawili inatosha. Mstari wa saa ndio utakaokuokoa, uandike kwa ukamilifu wake, na usikubali "kadiri kazi itakavyohitaji". Nilishafanya kazi mahali, sitapataja, ambapo akina mama watatu waliajiriwa "mpaka saa nane" kwa mdomo. Mwezi wa pili ikawa saa tisa, mwezi wa nne saa kumi na moja, na kila walipolalamika waliambiwa kampuni ni familia. Wawili waliacha. Mimi ndiye niliyeandika barua zao za kukubali kuacha kazi, na sijivunii.

Usidhani ovataimu itakulinda. Sheria inaanza kuhesabu juu ya saa 9 kwa siku au 45 kwa wiki, na wewe wa saa 12 au 20 uko mbali na ukomo huo. Kwa hiyo mkubaliane ninyi wenyewe: kila saa inayozidi zilizoandikwa inalipwa kwa kiwango fulani, na anakuarifu siku moja kabla. Jua pia kwamba kwa miezi sita ya kwanza kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali haikuhusu, na likizo ya kulipwa nayo kwa kawaida husubiri muda huohuo. Mambo yakiharibika baadaye, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya kuachishwa ndani ya siku 30 na mengine ndani ya siku 60. Usikae nayo moyoni miezi mitano halafu uje uniandikie.

Halafu kuna kanuni ndogo inayokupa nguvu ya kujadiliana. Mfanyakazi anayefanya zaidi ya saa tano mfululizo anatakiwa apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Wewe ukija kwa saa nne au tano tu, mwenye duka hapotezi saa moja ya chakula. Mwambie. Wafanyabiashara wanapenda hesabu za aina hiyo.

Tangazo ulilonitajia la saa mbili hadi saa kumi na mbili, siku sita, lilinifanya nicheke peke yangu. Toa saa moja ya chakula kila siku, zinabaki 54 kwa wiki. Hizo tisa za ziada zinatakiwa zilipwe mara moja na nusu. Wangapi wanazilipa? Haya, tuendelee.

Likizo za shule ndizo zinazovunja mipango mizuri. Unaanza Februari, mambo yanakwenda, halafu Juni shule zinafungwa na una watoto wawili nyumbani kutwa. Desemba tena. Katikati kuna zile likizo fupi ambazo mzazi huzikumbuka tarehe ikishafika. Liongee jambo hili siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza ni mpango, na mwezi wa Juni ni kisingizio. Kazi ya vitabu inakubali: unaweza kumwambia mzee kwamba Juni utakuja asubuhi mbili kwa wiki kuchukua makaratasi na kuyaingiza nyumbani usiku. Sitakuficha, usiku huo utasinzia juu ya kompyuta. Baba watoto akipanga safari zake, aulize kama anaweza kuwa nyumbani wiki moja ya Juni. Madereva hupewa mapumziko, ila mara nyingi huyapata Desemba kila mtu anapoyataka.

Umesikia pia habari za kazi za mtandaoni, najua, maana hakuna anayeniandikia bila kuzigusa hata kama hakuzitaja. Zipo za kweli: kuingiza data, kuandika maneno ya rekodi za sauti, kutafsiri, kutunza vitabu vya mtu aliye nje. Zinakuja polepole, zina washindani wa dunia nzima, na kifurushi cha intaneti unakilipa wewe. Ziweke kama kazi ya tatu, baada ya maduka mawili. Za uongo utazitambua kwa swali moja tu, pesa inatoka kwa nani kwenda kwa nani. Wanaokutaka uweke hela kwanza ili "ufungue akaunti", utazame video ulipwe, ununue fomu, ulipie mafunzo au sare, hao hawakuajiri, wanakuuzia. Hata wakala binafsi wa ajira haruhusiwi kumtoza anayetafuta kazi. Huduma ya ajira ya serikali inakusajili bure. Nafasi zake nyingi ni za kutwa, lakini jisajili, mwaka ujao mdogo naye atakuwa amekua kidogo na saa zako zitakuwa nyingine.

Na kama hao jirani wa zamu wakizoea, usishangae wakikuomba wewe ndiye ubaki na watoto wa mtaa mzima mchana. Wengine wamegeuza hilo kuwa kipato. Wakiwa wawili watatu ni ujirani. Wakizidi na ukaanza kutoza, hicho ni kituo cha kulelea watoto mchana, na kinasajiliwa kupitia ustawi wa jamii wa halmashauri yako.

Swali lako la mwisho, la kusema au kutosema kwamba una watoto. Sheria ileile ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na mwombaji kazi naye anahesabiwa humo. Kwa hiyo hulazimiki kuanza nalo, na mimi nisingelianza nalo. Lakini ukiulizwa, usidanganye, kwa sababu kwenye duka la mtaani mwenye duka atawaona watoto wako wakipita na mabegi kabla ya Ijumaa. Jibu hivi: "Ninao wawili, wanasoma hapo shule ya jirani. Wa kwanza kutoka anapokewa saa sita na mama fulani, namba yake ninayo hapa." Kisha nyamaza, umwache yeye aulize kuhusu risiti.